Kishikio cha Gia ni Sehemu ya Giaboksi

Wengi wanaoniletea kazi ya kuboresha kishikio cha gia huanza na rangi. Hutaka cheusi kinachong'aa, au chekundu cha kufanana na magari ya mashindano, au chenye nembo juu yake. Mimi huwauliza kwanza gari lao huingiaje gia ya pili asubuhi, kabla injini haijapata moto. Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia, kwa kuwa kishikio hakikuwekwa pale kuupamba mkono wa gia. Ni kipande cha mwisho cha mtambo mrefu unaoanzia ndani ya giaboksi na kuishia kwenye kiganja cha dereva, na kila gramu na kila milimita inayoongezwa au kupunguzwa hapo hubadilisha namna dereva anavyoupokea mtambo wote. Nimekuwa nikikereza mbao na vyuma hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na katika vitu vyote vilivyopita kwenye mashine yangu sijaona kingine kidogo kiasi hicho kinachodai kufikiriwa kwa kina namna hii.

Usanifu ninaoueleza hapa niliufanya kwa ajili ya Corolla ya gia tano. Katika gari hilo mkono wa gia huegemea kiungo kilichofichwa chini ya kifuniko cha ngozi, na mwendo wake huvuta na kusukuma nyaya mbili: waya mmoja huchagua mstari wa gia, na mwingine huitia gia yenyewe. Ndani ya giaboksi, uma wa chuma husukuma kola inayozunguka pamoja na shafti, kola husukuma pete ya shaba, na pete hiyo hujisugua kwenye koni ya gia mpaka kasi zao zilingane. Kabla hazijalingana, meno ya pete huizuia kola isipite. Zikishalingana, kola huteleza na kuuma meno ya gia, na gololi yenye springi nyuma yake hutumbukia kwenye kishimo chake ili gia isirudi. Mfumo huo wa kulinganisha kasi uliingia sokoni katika magari ya Cadillac mwaka 1928, na ndio uliowapunguzia madereva kazi ya kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Kiganja huyapokea mambo hayo kwa mfuatano: kwanza ukinzani, kisha kuachiliwa kwa ghafla, kisha mgoto mdogo wa gololi. Dereva anapolisifu gari kwa kusema kwamba gia zake ni laini, anauzungumzia mfuatano huo, na kishikio ndicho kinachomfikishia, kwa ukamilifu au kwa upungufu.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na uzito, na uzito una heri moja, kwamba unahesabika kabla mbao haijaguswa. Tufe lenye kipenyo cha milimita 50 lina ujazo wa sentimita za ujazo 65 na ushei. Likikerezwa kwa msaji litakuwa na gramu 40 na kitu. Kwa mpingo, ambao ni mzito kuliko maji na huzama, litakaribia gramu 80. Alumini itatoa takriban gramu 177, titani karibu gramu 295, na chuma cha pua kitapita gramu 500, yote hayo kabla ya kutoboa tundu la nyuzi. Umbo ni moja na kipimo ni kimoja, lakini kati ya msaji na chuma kuna tofauti ya zaidi ya mara kumi, na hiyo ni tofauti ambayo mkono wa mtu yeyote utaitambua kabla gari halijatoka getini.

Manufaa ya uzito ni haya. Mkono wa gia unapokutana na ukinzani wa pete ya shaba, kishikio chepesi hupoteza mwendo wake papo hapo, na kiganja hulazimika kusukuma upya. Dereva huhisi kana kwamba gia imekwama kidogo, kisha ikaingia kwa mruko. Kishikio chenye uzito wa kutosha huendelea kubeba sehemu ya mwendo kilioupata katika safari ya kutoka gia moja hadi nyingine, hivyo msukumo unaofika kwenye pete huwa umetandaa badala ya kuja kwa mapigo. Pete haijapunguziwa kazi hata kidogo. Ni lazima ijisugue mpaka kasi zilingane, na kama imelika, hakuna kishikio duniani kitakachoiponya. Kinachoboreka ni ile taarifa inayopanda hadi kiganjani na ule msukumo unaoshuka kutoka humo.

Mfano ninaoupenda zaidi katika jambo hili ni wa Honda. Kizazi cha Civic Type R kilichotoka mwaka 2017 kilikuwa na kishikio cha tufe la alumini, kizuri kukitazama na kilichotengenezwa kwa usahihi mkubwa. Katika maboresho ya mwaka 2020 wahandisi wake walilirudisha umbo la tone la maji lililotumika katika matoleo ya zamani ya gari hilo, wakaficha ndani yake uzito wa gramu 90 kwa lengo la kuufanya mkono ujipate katikati vizuri zaidi na gia ziingie kwa usahihi zaidi. Nalitaja hili kwa heshima, kwa kuwa kampuni yenye uwezo wa kuibadilisha giaboksi nzima iliona inafaa kushughulikia kishikio kwa gramu tisini. Huo ndio usanifu wa kuboresha kwa maana yake halisi: kitu kilichokuwa kizuri tayari kinatazamwa tena, kinapimwa, na kinaguswa mahali pamoja panapohitaji kuguswa.

Upande wa pili wa mizani yuko Porsche. Katika gari lake la mashindano la 917, lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1970 na 1971, kishikio cha gia kilitengenezwa kwa mti wa balsa, mti mwepesi kuliko karibu miti yote inayouzwa, kwa sababu katika gari lile kila gramu ilikuwa inawindwa. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, Carrera GT iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 ilipewa kishikio cha mbao zilizobandikwa kwa matabaka kuwa kumbukumbu ya kile cha 917. Mtu anaweza kuuliza ni nani kati yao aliye sahihi, aliyeongeza uzito au aliyeupunguza. Kwa maoni yangu wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alikijibu kile ambacho gari lake liliuliza. Dereva wa Le Mans alikuwa na mkono wenye nguvu, giaboksi iliyofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mashindano, na saa inayohesabu. Dereva wa Corolla ana foleni ya Ubungo.

Uzito una mpaka wake pia, na hapa sikubaliani na wanaouza vishikio vya nusu kilo kwa kila gari linalopita. Kila kishikio kinachokaa juu ya mkono mrefu hupata mtikiso wa barabara, na juu ya changarawe yenye mikunjo mtikiso huo ni wa haraka na haukomi. Kinachoizuia gia isitoke ni ile gololi na springi yake, wakisaidiwa na umbo la meno ya kola. Katika giaboksi iliyochoka, springi zimelegea na vishimo vimelika. Ukiweka juu yake nusu kilo ya chuma inayochezacheza, umeiongezea gia sababu ya kuchomoka. Nikiletewa gari la namna hiyo, humwambia mwenye gari aende kwanza kwa fundi wa giaboksi, na kishikio kisubiri. Kishikio kizito kina hatari nyingine, kwamba hukialika kiganja kipumzike juu yake muda wote wa safari. Kiganja kinachopumzika hapo huusukuma uma ujiegemeze kwenye kola inayozunguka, na msuguano huo, hata ukiwa mdogo, huula uma polepole. Kwa Corolla niliamua kukaa karibu na gramu 150, takriban mara mbili ya kile cha plastiki kilichotangulia, na sioni sababu ya kupanda zaidi.

Urefu nao una hesabu zake. Chukua mkono ambao kutoka kwenye egemeo hadi katikati ya kishikio ni milimita 200, na chini ya egemeo ni milimita 50. Uwiano wake ni nne kwa moja: kiganja husafiri milimita nne ili ncha ya chini isogee milimita moja, na nguvu ya kiganja hufika chini ikiwa imezidishwa mara nne. Ukiweka kishikio ambacho kitovu chake kiko juu zaidi kwa milimita 20, uwiano unakuwa 4.4, gia inakuwa nyepesi kwa asilimia kumi hivi, lakini safari ya kiganja inarefuka kwa kiasi hichohicho. Ukikishusha, safari inafupika na gia inakuwa ngumu zaidi. Vijana wengi huutaka mkono mfupi kwa kuwa wameuona kwenye magari ya mashindano, na sibishani nao, ila huwakumbusha kwamba ugumu huo wataukuta kila siku, kwenye kila makutano ya barabara. Mimi nilikiacha kitovu pale kilipokuwa, kwa kuwa nilitaka kujua uzito na umbo vinafanya nini bila kuchanganywa na badiliko la tatu.

Umbo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo ambalo michoro husaidia kidogo zaidi. Sisi dereva hukaa upande wa kulia wa gari, kwa hiyo tunaingiza gia kwa mkono wa kushoto, ambao kwa watu wengi si mkono wao wenye nguvu wala ustadi. Gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa mbali na dereva. Ya tano iko upande wa karibu naye. Ili kuingiza ya kwanza vizuri, kiganja hugeuka kikatazama upande wa abiria, kidole gumba kikielekea chini, na ule mnofu ulio karibu na kifundo cha mkono ndio unaosukuma. Kwenda ya tatu na ya nne, kiganja hukaa juu, vidole vikining'inia kwa ulegevu, na springi inayourudisha mkono wa gia katikati inaachwa ifanye kazi yake. Kwa ya tano, kiganja humtazama dereva, na vidole ndivyo vinavyovuta. Kishikio kimoja kinatakiwa kuipokea mishiko hiyo mitatu, bila dereva kuhisi kwamba mshiko umebadilika.

Kwa kazi hiyo nilitumia udongo wa mfinyanzi. Niliufunga juu ya kijiti cha chuma chenye nyuzi, nikaukaza kwenye mkono wa gia, na gari likiwa limezimwa na klachi imekanyagwa, nikapitia gia zote kwa utaratibu ule ule wa barabarani. Udongo ukabaki na alama. Upande wa nyuma, unaomwelekea dereva, palikuwa na mfinyo mmoja mpana ulioachwa na mnofu wa kiganja, na juu kidogo ya shingo palikuwa na vijishimo vinne vya ncha za vidole, cha kidole kidogo kikiwa karibu hakionekani. Kilele kilibaki bila alama, isipokuwa bapa dogo la katikati ya kiganja. Alama hizo zilinionyesha kwamba tufe kamili huwapa vidole uso unaowatoroka chini, ilhali tone la maji, lenye kichwa cha mviringo na mwili unaopungua kuelekea shingoni, huwapa mahali pa kujishikiza wakati wa kuvuta.

Mimi nina kiganja kikubwa, hivyo sikuridhika na alama zangu peke yake. Shemeji yangu ndiye anayeliendesha gari lile kila siku, na kiganja chake ni kidogo. Nilimpa mfano wa mbao laini wenye kichwa cha milimita 50, akazunguka nao mtaani wiki nzima, kisha akaniambia: "Shemeji, ya tatu na ya nne sina neno nazo, lakini nikivuta ya pili kinanikwepa." Nilikishusha kichwa hadi milimita 46, nikaipeleka sehemu nene zaidi juu kidogo, na shingo nikaiacha iwe milimita 30 ili vidole vyake viweze kuizunguka bila kunyooka. Urefu wote ulikuwa milimita 58. Mfano huo wa pili nilikwenda nao mimi mwenyewe pia, na kiganja changu hakikulalamika, jambo lililonifunza kwamba kiganja kikubwa husamehe kishikio kidogo kwa urahisi zaidi kuliko kiganja kidogo kinavyosamehe kishikio kikubwa. Ningependa wasanifu wa vishikio wawape watu wenye viganja vidogo nafasi ya kwanza ya kujaribu.

Kuhusu mali ya kutengenezea, nilichagua mpingo, na si kwa ajili ya fahari ya nyumbani tu, ingawa fahari hiyo ninayo na sioni haya kuisema. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Alumini na mbao zilizokaa katika joto hilo zina joto moja, lakini alumini hulipeleka joto kwenye ngozi haraka zaidi sana kuliko mbao, na ndiyo maana kishikio cha metali humfanya dereva aingize gia ya kwanza kwa ncha za vidole hadi kipoe. Mbao haina usumbufu huo. Mpingo unaongeza mawili: uzito wake, na ule ugumu unaoufanya ung'ae kwa msasa mwembamba na kitambaa bila rangi wala vanishi. Watengenezaji wa filimbi za klarineti na oboe huutumia kwa sababu hizo hizo, na sehemu kubwa ya mpingo wanaoutumia hutoka kusini mwa Tanzania, Kilwa ikiwemo, ambako mwaka 2009 misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji unaojali msitu.

Kwa kishikio hauhitajiki mti mpya. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge hubaki na vipande visivyotosha kinyago, na vipande hivyo vinatosha kabisa. Mzee mmoja aliyenichagulia vyangu alivipaka nta kwenye ncha zote mbili kabla ya kunikabidhi, akasema: "Mwanangu, huu usiuharakishe. Ukiukausha juani utakupasukia." Nta huziba vinyweleo vya ncha, ambako maji hutoka haraka kuliko ubavuni, na hivyo kipande hukauka kwa usawa. Niliviweka kivulini msimu mzima wa kiangazi na zaidi. Kwenye mashine, mpingo huyafanya makali yawe butu haraka, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Barakoa hapo ni ya lazima, na mwenye kuifanya kazi hiyo bila barakoa anajidhulumu.

Mpingo peke yake, kwa umbo lile, ungenipa gramu 70 hivi. Zilizobaki nilizipata kwa kiini cha shaba ya manjano chenye kipenyo cha milimita 22 na urefu wa milimita 36, kilichoingizwa kutoka chini. Tundu la nyuzi lilipanda milimita 26 tu. Sehemu ya juu ya kiini haikutobolewa, ili uzito ukae karibu na kiganja, mahali ambapo mchango wake katika mwendo ni mkubwa zaidi. Ubavuni nilikichonga mifereji ya duara ili gundi ya epoksi ipate pa kushika, na kati ya shaba na mbao nikaacha upenyo mdogo, kwa kuwa mbao hujaa na kunywea kufuata unyevu wa hewa na shaba haifanyi hivyo. Dar es Salaam ni mji wa unyevu, na kiini kilichobanwa bila nafasi hatimaye huipasua mbao inayokizunguka. Kiini hicho kina kazi nyingine pia: nyuzi zilizokatwa ndani ya mbao huchakaa, za shaba hudumu.

Nyuzi zenyewe zinataka uangalifu. Toyota nyingi hutumia M12, yaani nyuzi za kipenyo cha milimita 12, kwa hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, Mazda huwa na M10 kwa hatua ya 1.25, na Honda M10 kwa hatua ya 1.5. Tofauti ya hatua kati ya hizo mbili za mwisho haionekani kwa macho, na kishikio cha moja huingia kwenye nyingine mizunguko miwili kabla ya kugoma. Anayelazimisha huharibu nyuzi za mkono wa gia, ambazo kuzirudisha ni kazi ghali. Geji ya nyuzi inapaswa kutangulia kila kitu.

Kingo zote nilizipa mviringo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 21, inayohusu vifaa vya ndani ya magari ya abiria, hutaka kingo ambazo mwili unaweza kuzigonga zipewe mviringo, na tone la maji hulitimiza sharti hilo kwa maumbile yake, isipokuwa kwenye mdomo wa shingo, ambapo mtu hushawishika kuacha ukingo mkali kwa ajili ya urembo. Kilele nilikiacha kikiwa na bapa dogo la kubeba mchoro wa gia. Sheria za Marekani hutaka mchoro huo uwe mahali ambapo dereva anauona wakati wote, na hata pasipo na sheria mimi huuweka, kwa kuwa rivasi haikai mahali pamoja katika magari yote: kwenye Corolla hii iko nyuma kulia, chini ya gia ya tano, ilhali kwenye Volkswagen nyingi iko mbele kushoto, na hufikiwa kwa kuubonyeza mkono chini. Fundi atakayelihamisha gari usiku hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Mchoro huo ndio uliolazimisha nati ya kufungia. Kishikio kikikazwa hadi mwisho wa nyuzi, mchoro husimama popote nyuzi zilipoishia, na aghalabu huwa umepinda. Kwa hiyo nati nyembamba ya M12 hutangulia kwenye mkono wa gia, kishikio hufuata na kuachwa pale mchoro unapotazama mbele sawasawa, kisha nati hupandishwa kwa spana hadi ibane kwenye uso wa shaba. Kifuniko cha ngozi huinuliwa na kuificha. Nati ikianza kulegea, mchoro utageuka kwanza, na shemeji atauona umegeuka kabla kishikio hakijaanza kucheza mkononi mwake.